Mivinyo myeupe ya Italia isiyojulikana sana, na zabibu zilizokaribia kung'olewa

Katika kipindi cha wakulima wiki iliyopita tulisoma ujumbe wa msikilizaji wetu anayelima zabibu. Aliuliza: huko Italia kunakosifiwa mvinyo, wanalima zabibu gani nyeupe, na je, mkulima wa kule naye analipwa kwa kilo? Dakika tulizokuwa nazo hewani hazikutosha kumjibu, tukaahidi kuandika hapa.

Jibu fupi ni hili. Italia ina mamia ya aina za zabibu, na nyingi kati ya zile nyeupe hazijulikani hata na Waitaliano wa mkoa wa pili. Kwa miaka mingi mkulima aliyeuza zabibu zake kwa mzani alikuwa na sababu moja tu ya kuchagua mche: unazaa kiasi gani. Aina zenye kuzaa kidogo ziling'olewa, hata kama mvinyo wake ulikuwa mzuri kuliko wa jirani. Zilizobaki zilibaki kwa sababu kuna mtu aliamua kuweka zabibu hizo kwenye chupa yenye jina lake na jina la mahali pake.

Kabla hatujaendelea: mvinyo ni kileo, na si wa walio chini ya miaka 18. Kwa wasikilizaji wetu ambao hawanywi, kwa imani au kwa uamuzi wao, sehemu kubwa ya makala haya ni habari ya kilimo na soko, kwa hiyo karibuni nanyi.

Mvinyo "mkavu" ni upi?

Neno mkavu huwachanganya wengi, maana mvinyo wote ni maji. Ukavu hapa ni kutokuwa na utamu wa sukari. Juisi ya zabibu ina sukari nyingi. Hamira inakula sukari hiyo na kutoa vitu viwili: kileo na gesi ya kaboni dioksaidi. Ikiachwa ile mpaka imalize, mvinyo unakuwa mkavu. Ikikatizwa katikati, utamu unabaki. Kwa mvinyo mtulivu, yaani usio na povu, sheria za Ulaya zinaruhusu neno "secco" kwenye lebo ikiwa sukari iliyobaki haizidi gramu 4 kwa lita, au hadi gramu 9 kama mvinyo una uchachu wa kutosha kuisawazisha.

Weupe nao unatokana na namna ya kukamua. Zabibu hukamuliwa mara tu zinapofika kiwandani na maganda huondolewa, juisi ikachachuka peke yake. Rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda.

Timorasso: mistari michache iliyosahaulika

Kusini-mashariki mwa mkoa wa Piemonte kuna mji wa Tortona na vilima vyake, Colli Tortonesi. Hapo zamani zabibu nyeupe ya wenyeji ilikuwa Timorasso. Ni mzabibu wenye usumbufu. Vichala vyake haviivi pamoja, punje nyingine hudondoka kabla ya wakati, na mavuno hubadilika mwaka hadi mwaka. Wakulima wakachoka. Wakapanda Cortese, nyeupe nyingine yenye kuzaa vizuri zaidi, au Barbera nyekundu ambayo soko lake lilikuwa la uhakika. Kufika miaka ya 1980 Timorasso ilikuwa imebaki mistari michache katikati ya mashamba ya watu.

Mkulima mmoja wa kijiji cha Monleale, Walter Massa, akaamua kukamua zabibu hizo peke yake badala ya kuzichanganya na nyingine. Mvinyo wake wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa wa mavuno ya mwaka 1987. Alichogundua ni kwamba Timorasso ina kitu ambacho mvinyo mweupe kwa kawaida hauna: inakaa. Mivinyo mingi myeupe inatakiwa inywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Huu, ukiwekwa miaka mitano, kumi, unazidi kuwa mzito na harufu yake inageuka, inakaribia asali na mawe yaliyolowa mvua.

Massa hakuficha ujuzi wake. Majirani walianza kupanda Timorasso tena, na wakaanza kutumia jina Derthona, ambalo ni jina la kale la Tortona tangu enzi za Warumi. Leo watengenezaji wakubwa wa mvinyo mwekundu wa Barolo, ambao huko Italia ni kama wafalme, wamekwenda kununua ardhi katika vilima hivyohivyo. Shamba ambalo miaka arobaini iliyopita lilihesabika halina faida linatafutwa na matajiri.

Zabibu ya kondoo na zabibu ya ndege

Hadithi ya Pecorino inafanana na hiyo. Jina linatokana na neno la Kiitaliano la kondoo, na watu wengi wakilisikia wanafikiria jibini, kwa kuwa liko jibini lenye jina hilohilo. Inasemekana kondoo waliokuwa wakihamishwa milimani walizipenda zabibu hizi, kwa kuwa huiva mapema. Ni aina ya milima iliyoko kati ya mikoa ya Marche na Abruzzo. Huzaa kidogo, kwa hiyo ilisukumwa nje na Trebbiano, ambayo ukiipanda inakujazia gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Guido Cocci Grifoni aliitafuta mizabibu mizee huko juu Arquata del Tronto, akachukua vikonyo, akapanda shambani kwake. Leo Pecorino inauzwa katika nchi nyingi. Ina kileo kingi na uchachu mwingi kwa pamoja, jambo ambalo halitokei mara kwa mara.

Arneis, ya vilima vya Roero huko Piemonte, ilifanywa mlinzi. Maana ya jina hilo katika lugha ya Kipiemonte inakaribia "mtundu". Wakulima walipanda mistari michache ya Arneis karibu na Nebbiolo, zabibu yao nyekundu ya thamani, ili ndege wavutwe na harufu na utamu wa nyeupe inayoiva mapema, wakaiacha nyekundu. Zabibu iliyopandwa ili iliwe na ndege! Alfredo Currado alipoanza kutengeneza mvinyo wa Arneis peke yake mwaka 1967, ilikuwa karibu itoweke. Sasa ndiyo nyeupe inayojulikana zaidi katika eneo hilo, kiasi kwamba tulisita kuiweka katika orodha ya zisizojulikana.

Lakini tusidanganyane kwamba kuzaa kidogo peke yake kunaleta mvinyo mzuri. Kwenye miteremko ya volkano ya Etna, kisiwani Sicilia, kuna zabibu nyeupe iitwayo Carricante. Wengi wanalihusisha jina hilo na neno la kupakia mzigo, kwa sababu mzabibu huo unabeba vichala vingi. Upande wa mashariki wa mlima, hasa karibu na kijiji cha Milo, Carricante inapandwa kufika karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya usiku inalinda uchachu wake, na mvinyo unaotoka ni mkavu na wa kudumu miaka mingi. Aina hiyohiyo ikipandwa bondeni kwenye joto na kumwagiliwa bila kipimo haiwezi kutoa kitu cha namna hiyo.

Mizabibu chini ya theluji

Wasikilizaji wetu wa Dodoma wanaishi kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,000. Kimo hichohicho huko kaskazini mwa Italia ni habari nyingine kabisa. Katika bonde la Aosta, chini ya Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote katika Alps, kuna vijiji viwili, Morgex na La Salle. Zabibu yao ni moja tu: Prié Blanc. Mashamba yako kati ya mita 900 na 1,200 hivi, ni miongoni mwa mashamba ya juu zaidi Ulaya, na majira ya baridi hufunikwa na theluji.

Mizabibu hiyo hailimwi kwenye waya mrefu. Inatambaa juu ya vichanja vifupi sana vya mbao, baadhi vikiwa chini ya kiuno cha mtu, ili ardhi na mawe yaliyopata jua mchana yatoe joto lake usiku na kuupa mmea. Anayepogolea anapogolea ameinama, na anayevuna anavuna amepiga magoti. Hakuna trekta linaloingia humo.

Kuna jambo la pili linalofanya mashamba hayo yawe ya kipekee. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera aliingia Ulaya pamoja na miche iliyotoka Marekani. Anashambulia mizizi, na mzabibu wa Ulaya hauna kinga dhidi yake. Mashamba yakafa nchi baada ya nchi. Dawa iliyopatikana ilikuwa kubebesha: kikonyo cha zabibu ya Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Marekani ambao mizizi yake inavumilia mdudu huyo. Karibu mizabibu yote ya Ulaya leo imebebeshwa. Morgex mdudu hakuweza kushamiri kwa sababu ya baridi na kimo, kwa hiyo Prié Blanc imesimama kwa mizizi yake yenyewe mpaka leo.

Mvinyo wenyewe ni mwepesi, una kileo kidogo, una harufu ya majani ya mlimani na uchachu wa tufaha bichi. Usingefahamika nje ya bonde kama si padri wa parokia, Alexandre Bougeat, aliyekuwa wa kwanza kuuchukulia kama mvinyo wa kuwekwa chupani na kuuzwa, badala ya kunywewa nyumbani. Baada yake wakulima wadogo waliunda ushirika wao katika miaka ya 1980, kila mmoja akileta zabibu za vipande vyake vidogo, na kiwanda ni cha wote. Sehemu ya mavuno wanaifanya mvinyo wa povu.

Kupanda mti kuvuna zabibu

Kama tungeruhusiwa kwenda kuona shamba moja tu kati ya haya, tungechagua Aversa, kaskazini mwa Napoli. Zabibu yake inaitwa Asprinio, na jina lenyewe linatokana na neno la ukali wa kitu kichachu.

Kwa desturi ya zamani, ambayo wataalamu wanaihusisha na Waetruski waliokuwepo kabla ya Warumi kutawala, Asprinio haipandwi kwenye nguzo. Inapandwa chini ya miti mirefu iitwayo mipopla, iliyo katika mstari mpakani mwa shamba. Mzabibu unapanda mti, kisha matawi yake yanaunganishwa kutoka mti hadi mti mpaka yanafanya ukuta wa kijani unaoweza kufika mita 15. Chini yake ardhi inabaki wazi, na mkulima anapanda mboga na nafaka. Kwa mwenye eka moja ya urithi ni akili kubwa: mpakani anapata mvinyo, katikati anapata chakula.

Wakati wa kuvuna, mtu anaegemeza ngazi nyembamba ya mbao na kupanda juu kabisa na kikapu. Kikapu kimesukwa kikiwa na kitako kilichochongoka. Kikijaa anakishusha kwa kamba, ile ncha inachoma udongo na kikapu kinasimama chenyewe, hata kama chini hakuna wa kukipokea. Anayejua hatari ya mkwezi wa mnazi hatahitaji kuelezwa hatari ya kazi hiyo.

Hapa ndipo pana wasiwasi. Wavunaji hao ni wazee, na vijana hawaitaki kazi hiyo. Ngazi moja inakula muda ambao katika shamba la waya ungemaliza mistari kadhaa. Asprinio nyingi ya siku hizi inatoka kwenye mistari ya kawaida, na kuta za mipopla zinapungua. Tangu mwaka 1993 mvinyo wa Aversa unalindwa kisheria kwa jina lake, na lebo inaruhusiwa kutaja kuwa zabibu zimetoka kwenye miti. Lakini sheria inalinda jina kuliko inavyomlinda aliye juu ya ngazi. Bei ya chupa ya Asprinio haijapanda kama ya Timorasso, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye swali la kweli la makala haya.

Asprinio ni kali kweli. Anayeonja mara ya kwanza anakunja uso kama aliyelamba ndimu. Huko kwao wanainywa na jibini laini la maziwa ya nyati, na mafuta ya jibini yanautuliza ukali. Ukali huohuo unaifanya ifae sana kwa mvinyo wa povu.

Povu dogo na povu kubwa

Aliyewahi kuziba kibuyu cha wanzuki kabla haujatulia anajua kinachotokea: gesi inatafuta njia. Mvinyo wenye povu ni jambo hilohilo, ila limepimwa.

Waitaliano wanatenganisha madaraja mawili. "Frizzante" ni wenye povu dogo: mgandamizo ndani ya chupa ni kati ya bar 1 na 2.5, ambao hauko mbali na upepo wa tairi la gari dogo. "Spumante" ni wenye povu kubwa, kuanzia bar 3. Ndiyo maana chupa ya spumante ni nene na kizibo chake kimefungwa kwa waya.

Zamani povu dogo lilikuja lenyewe. Zabibu zilivunwa mwishoni mwa kiangazi, zikaanza kuchachuka, kisha baridi ikaingia na hamira ikalala kabla haijamaliza sukari. Mvinyo ukawekwa chupani. Majira ya kuchipua yalipoleta joto, hamira ikaamka, ikamalizia sukari iliyobaki, na gesi ikakosa pa kutokea. Mwaka 1895 Federico Martinotti wa mji wa Asti alisajili hataza ya kufanya uchachushaji huo wa pili ndani ya tangi kubwa lililofungwa. Mvinyo mwingi wa povu wa Italia leo unafanywa hivyo, kwa sababu ni haraka na ni nafuu.

Katika vilima vya Piacenza, mkoa wa Emilia, kuna Ortrugo, zabibu ambayo jina lake lina maana ya "ile zabibu nyingine". Ilikuwa ya kuchanganyia tu, hata jina la heshima haikupewa. Sasa ina daraja lake lenyewe, na wenyeji wanaipenda zaidi ikiwa frizzante, kavu, yenye uchungu mdogo mwishoni. Karibu na Bologna kuna Pignoletto, ambayo huwekwa mezani pamoja na vyakula vya nyama ya nguruwe na tambi zilizojazwa nyama, kwa kuwa povu na uchachu vinasafisha mafuta mdomoni. Kati ya Verona na Vicenza iko Durella, yenye ganda gumu kama jina lake linavyosema, kali karibu kama Asprinio.

Ugomvi wa majina

Msikilizaji wetu hakuuliza hili, lakini ndipo fedha ilipo. Kwa sheria za Ulaya jina la mahali linaweza kulindwa, wakati jina la aina ya zabibu mtu yeyote duniani anaweza kulitumia. Prosecco ilikuwa jina la zabibu. Mwaka 2009 Waitaliano walibadilisha: zabibu ikaitwa Glera, na Prosecco ikawa jina la eneo, kwa kuwa kipo kijiji kinachoitwa Prosecco karibu na Trieste. Kuanzia hapo, aliyepanda zabibu hiyohiyo kwingine katika Ulaya hawezi kuandika Prosecco kwenye lebo. Watu wa Bologna wakafanya vivyo hivyo na Pignoletto, na zabibu yenyewe sasa inaandikwa Grechetto gentile.

Mkoa wa Friuli ulijikuta upande wa pili wa fimbo. Zabibu yao nyeupe iliitwa Tocai kwa vizazi vingi. Hungaria, yenye mvinyo maarufu wa Tokaj, ililalamika na ikashinda. Tangu mwaka 2007 wakulima wa Friuli wanaandika Friulano, na imewabidi kuwaeleza wateja wao upya kwamba ni mvinyo uleule.

Kwetu aina nyekundu ya Makutupora tayari imebeba jina la mahali. Wakulima wanaofuatilia habari za ushirika wataelewa kwa nini tumelitaja.

Ukikutana na chupa

Ukiona "secco" kwenye mvinyo mtulivu, tarajia mkavu kweli. Kwenye frizzante neno hilohilo linaruhusu hadi gramu 15 za sukari kwa lita. Kwenye spumante linageuka kabisa: "secco" au "dry" ina gramu 17 hadi 32, yaani ina utamu unaosikika, na anayetaka mkavu atafute neno "brut". Wengi wamenunua kwa makosa kwa sababu hiyo. Ukiona "gassificato", gesi imepulizwa kutoka nje kama soda, haikutokana na hamira.

Mivinyo hii hunywewa baridi, nyuzi 8 hadi 10 hivi, na Timorasso au Carricante iliyokaa miaka inapenda joto kidogo zaidi. Bila friji, ndoo ya maji yenye vipande vya barafu na kiganja cha chumvi inapoza chupa haraka kuliko barafu peke yake.

Na kama lebo imeandikwa "col fondo", maana yake mvinyo wa povu dogo ulichachukia ndani ya chupa hiyohiyo na machicha ya hamira yameachwa chini, kama ulivyotengenezwa kabla ya matangi kuja. Hujaharibika. Wengine huusimamisha siku nzima na kuumimina taratibu ili ubaki mweupe safi, wengine huipindua chupa polepole kabla ya kuifungua ili machicha yasambae. Huko Treviso wenyewe bado wanabishana juu ya hilo.